Toka Shinyanga Hata Geita: Habari za Mwanga na Nyota ya Nge

Msomaji mpenzi, ukitaka kwenda Geita toka Shinyanga waweza kuchagua njia mbili. Ya kwanza yapita Mwanza, nawe huna budi kuvuka ghuba ya ziwa kati ya Kigongo na Busisi, zamani kwa kivuko, na tangu Juni 2025 kwa daraja. Ya pili yapita Tinde, Isaka na Kahama, kisha yashika kaskazini kwa Kakola na Bukoli, ndani kabisa ya nchi ya dhahabu. Mimi nilishika hii ya pili, mwanzoni mwa Julai 2024. Pamba ilikuwa imekwisha vunwa mashamba mengi, vumbi lilikuwa tele, na mwezi ulikuwa umeandama juzijuzi tu. Hilo la mwezi nalitaja kwa sababu, utaona.

Mzigo wangu ulikuwa begi la nguo na boksi moja la majani ya chai. Upande mmoja wa boksi nilikuwa nimekata tundu na kubandika nyembe mbili zikikaribiana, hata pasipite mwanga ila kama uzi. Ndani, upande wa pili, nimeweka kipande cha CD, zile sahani za muziki zilizokwisha kutupwa siku hizi. Ukitazama kwa kitundu cha juu waona rangi. Si zaidi ya hapo. Watoto wa shule ya msingi hulitengeneza kwa nusu saa wakipata mtu wa kuwaonyesha, na gharama yake ni gundi.

Pengine wauliza, rangi zina habari gani hata mtu azichukulie basi? Ngoja kwanza nikukumbushe Mwadui, kaskazini ya mji wa Shinyanga. Pale Bwana John Williamson, mtaalamu wa miamba toka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Katika mgodi huo mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54 na nusu, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Wanawake hupenda almasi kwa kuwa yameta. Lakini yameta kwa nini? Kwa sababu huupasua mwanga mweupe na kuutoa vipande vya rangi, nyekundu huku, buluu kule, kama mvua ifanyavyo na jua la jioni. Basi mwanga mweupe si kitu kimoja, ni mkusanyiko. Na kila mwanga una mkusanyiko wake.

Hayo niliyaona wazi mjini Kahama. Nilifika jioni, nikatafuta chakula kwa mama mmoja anayekaanga samaki karibu na stendi. Juu ya meza yake alining'iniza taa ya umeme ya zile za kizamani zilizopindwa kama utumbo, na pembeni kijana wake alikuwa amewasha tochi ya simu.

“Mwadila, mama.”

“Mwadila, baba. Karibu. Hilo boksi lina nini, unalishika kama yai?”

Nikampa atazame. Kwanza tochi ya simu: rangi zote zimeungana, buluu imezidi kidogo. Kisha taa ile ya juu. Akanyamaza, akageuza boksi, akatazama tena.

“Mbona huu ni upinde wa mvua uliokatwakatwa?”

Kusema kweli sijasikia mwalimu yeyote aliyeueleza vizuri kuliko mama yule. Rangi katika taa ile hazikuungana. Palikuwa na mstari wa kijani peke yake, mkali sana, na mwingine wa zambarau, na giza katikati. Mistari hiyo miwili ni ya zebaki. Ndani ya taa za namna hiyo mna zebaki kidogo iliyogeuka mvuke, na mvuke wa zebaki ukipitishiwa umeme hutoa mwanga wa rangi zake maalumu, wala hauwezi kutoa nyingine. Mama akatupa chumvi kidogo kwenye moto, ulimi wa moto ukawa manjano. Ndani ya boksi ukatokea mstari mmoja wa manjano. Huo ni wa sodiamu iliyomo katika chumvi. Ni ile ile hapa Kahama, Roma au Australia.

Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo wa Ujerumani aliyekua yatima, alipasua mwanga wa jua mwaka 1814 akakuta humo mamia ya mistari myeusi, wala hakujua ni ya nini. Miaka 45 hivi baadaye, wenziwe Kirchhoff na Bunsen huko Heidelberg walipata siri: kila kitu kikiwa mvuke wa moto kina mistari yake, kama kila mtu alivyo na alama za dole gumba lake. Mwaka 1868 wataalamu walitazama jua wakati wa kupatwa kwake, wakakuta mstari wa manjano usio wa kitu chochote kilichojulikana duniani. Wakakiita heliamu, yaani cha jua. Na wewe, msomaji, ukumbuke kwamba gesi hiyo hiyo ilitangazwa mwaka 2016 kuwa imo ardhini kwetu, bonde la Rukwa.

Siku ya pili tulipita Kakola, ulipo mgodi wa Bulyanhulu. Barabarani waona ukuta, milango, malori, na nje yake maduka na vibanda visivyohesabika. Nilikuwa nimezungumza ndani ya basi na kijana aliyewahi kufanya kazi katika maabara inayopima mawe ya dhahabu. Nikamwuliza hujuaje kwamba tani ya mawe ina gramu tatu au gramu moja, maana kwa macho ni mawe matupu. Akanieleza kwamba jiwe husagwa, huyeyushwa, dhahabu ikakusanywa katika tone la risasi na fedha, mwisho huwa maji. Maji yale hupulizwa katika ndimi za moto, na mwanga wa taa maalumu hupitishwa humo. Dhahabu iliyomo humeza sehemu ya mwanga ule, rangi yake tu, rangi ambayo jicho letu haliwezi kuiona. Kadiri mwanga unavyopungua ndivyo dhahabu ilivyo nyingi. Kwa hiyo matajiri wa dhahabu nao hupima mali yao kwa mistari ya Fraunhofer.

Geita yenyewe ni ya zamani katika kazi hii. Wajerumani waliona dhahabu huko zamani za utawala wao, na toka 1936 hata 1966 palikuwa na mgodi mkubwa chini ya ardhi. Mgodi wa sasa, wa mashimo makubwa ya wazi, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Lakini mimi sikuwa nikienda kwenye mgodi mkubwa. Nilikwenda upande wa Nyarugusu, kwa wachimbaji wadogo, alikokaa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, pamoja na mke wake na mtoto wao wa miezi saba.

Ukifika huko kwanza wasikia makarasha. Husaga mawe mchana kutwa, na vumbi lake ni jeupe kama unga wa muhogo. Mchanga uliosagwa hupelekwa mwaloni, ukaoshwa juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye ubao wa mteremko, na dhahabu kwa kuwa ni nzito hukaa nyuma. Kisha katika karai hutiwa zebaki. Zebaki hushika chembe za dhahabu, yote ikawa donge la fedhafedha kama ukubwa wa karanga. Donge hilo huchomwa. Zebaki huondoka kama mvuke, dhahabu hubaki.

Mpwa wangu alikuwa akichoma donge lake jikoni, katika kijiko cha chuma, juu ya mkaa ule ule uliopikiwa uji. Mkewe amekaa hatua tatu, mtoto mgongoni.

“Kwa nini usichomee nje?” nikamwuliza.

“Nje kuna watu, mjomba. Wakiona unachoma watajua umepata.”

Hiyo ni sababu ya kweli, nami sikuicheka. Aliyekaa huko ajua kwamba dhahabu ya karanga yaweza kumletea mtu wageni usiku. Nikamweleza basi kwamba mvuke ule huingia kifuani, hufika kwenye ubongo na figo, mikono huanza kutetemeka, na kwamba mtoto mchanga ndiye huumia zaidi, hata aliye tumboni. Serikali yetu ilitia saini mapatano ya Minamata juu ya zebaki mwaka 2013, na jina hilo ni la mji mmoja wa Japani ambako watu wengi waliharibika kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, wakala samaki wake.

Akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema, “Mjomba, mimi sisikii harufu. Sioni moshi. Kitu kisicho na harufu wala moshi nitakiogopaje?”

Sikuwa na la kumjibu upesi. Na kweli mvuke wa zebaki hauna harufu wala rangi. Wataalamu wana njia ya kuudhihirisha: huwasha taa maalumu ya zebaki yenyewe, mbele yake wakaweka ubao uliopakwa dawa ing'aayo kwa mwanga huo. Kisha hupitisha zebaki katikati. Mvuke wa zebaki humeza mwanga wa zebaki mwenzake, na pale ubaoni chaonekana kivuli cha moshi mzito ukipanda kama wa kuni mbichi, ingawa ukitazama hewani hakuna kitu. Lakini taa hiyo sikuwa nayo. Boksi langu la chai haliwezi kazi hiyo.

Jioni akaja rafiki yangu tuliyesoma pamoja chuo cha ualimu, ambaye sasa afundisha fizikia katika sekondari moja ya huko. Yeye ndiye aliyenialika. Alileta kamera ya zamani aliyoinunua mkononi mwa mpiga picha wa arusi, kigoda cha miguu mitatu cha kuisimamishia, na kioo kidogo cha mviringo, alichokiagiza toka Ulaya kwa akiba ya miezi mingi. Kioo hicho kimechorwa mistari 100 katika kila milimita moja. Kazi yake ni ile ya CD yangu, ila chafaa hata kwa nyota.

Usiku wa kwanza haukufaa kitu. Vumbi lilikuwa jingi hata nyota zilionekana kama zimefunikwa kwa chandarua. Usiku wa pili upepo ukatulia. Tukaenda nyuma ya kichuguu, mbali na taa za makarasha, na mpwa wangu akatufuata. Ilipokaribia saa nne Nge alikuwa juu kabisa upande wa kusini.

Nge, msomaji mpenzi, wamjua hata kama hujafundishwa. Katika Julai na Agosti, usiku ukiingia, tazama kusini juu sana. Utaona nyota nyekundu, hiyo ndiyo Antares, moyo wake. Kushoto na chini yake mkia umejikunja kweli kweli kama wa nge. Kulia na juu kidogo ya moyo ziko nyota tatu zimejipanga mstari, hicho ndicho kichwa. Ile ya katikati ndiyo tuliyoifuata. Jina lake la kale ni Dschubba, neno litokalo katika Kiarabu, maana yake paji la uso. Wataalamu huiita Delta ya Nge.

Kwa vizazi vingi nyota hiyo ilikuwa mpole, ya daraja ya pili, hakuna aliyeiwaza. Ikawa Juni mwaka 2000. Bwana Sebastián Otero wa Buenos Aires, Argentina, ambaye hakuwa mtaalamu wa kulipwa mshahara bali mpenzi wa nyota, alikuwa na desturi ya kulinganisha nyota kwa macho yake matupu. Akaona kwamba Delta imezidi kidogo. Akarudi usiku mwingine, imezidi bado. Wenye vyombo wakapasua mwanga wake wakakuta, mahali pa haidrojeni, mstari mwekundu unaong'aa mahali pa ule mweusi wa kawaida. Mwanga wake ukapanda hata nyota nzima ikabadilisha sura ya kichwa cha Nge, na watu waliokuwa wamezoea kukitazama tangu utoto walikiona kimekuwa kigeni.

Sababu yake ni hii. Nyota hiyo ni kubwa, imelishinda jua letu kwa uzito zaidi ya mara kumi, nayo yazunguka kwa kasi sana. Umewahi kuendesha baiskeli kwenye matope? Gurudumu likikimbia hurusha tope kando yake. Ndivyo nyota hii ilivyotupa mvuke kutoka kiunoni mwake, ukatanda kuizunguka kama pete pana ya haidrojeni, na pete ile ndiyo itoayo mstari mwekundu. Tena haiko peke yake. Ina pacha, na pacha huyo hupita njia ndefu nyembamba kama mbegu ya tango. Kwa muda wa miaka karibu 11 huenda mbali, kisha hurudi na kupita karibu kabisa, umbali wa kama dunia yetu na jua, tena kwa haraka. Alipita hivyo mwaka 2000, mwaka ule ule mlipuko ulipoanza.

Mwaka 2011 aliporudi, watu wa nchi nyingi walimngoja. Wengi wao hawakuwa wataalamu: waalimu, mafundi, wastaafu, kila mmoja na darubini uani mwake na chombo cha kupasua mwanga. Walikuwa wakifuata mfano wa watu kama Bwana Christian Buil, mhandisi Mfaransa aliyewafundisha wengi kujitengenezea vyombo hivyo, na picha za mistari walizipeleka katika hazina ya Observatori ya Paris, pale Meudon, ambako wataalamu huzitumia. Palikuwa na hofu kwamba pacha ataisambaratisha pete. Haikusambaratika. Akapita tena mwaka 2022, na pete ingaliko.

Mtu wa kwanza kuona mstari wa namna hii katika nyota alikuwa padre. Padre Angelo Secchi, Mjesuti, alikuwa na darubini yake Roma juu ya dari ya kanisa la Mtakatifu Inyasi. Mwezi Agosti 1866 alipasua mwanga wa nyota iitwayo Gamma ya Kasiopeia, akategemea mstari mweusi kama katika nyingine, akakuta unang'aa. Yeye alichunguza mianga ya nyota zaidi ya 4,000 na kuzigawa katika makundi kabla ya kufa mwaka 1878. Nyota yake ile nayo ilikuja kulipuka katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 ikazidi nyota zote za kundi lake.

Turudi kwenye kichuguu. Rafiki yangu aliweka kioo mbele ya lenzi, akaelekeza kamera, akaiacha wazi sekunde 20. Hakuwa na mashine ya kufuata nyota, naye alisema afadhali, maana dunia ikizunguka nyota husogea kidogo katika picha, na ule uzi wa rangi hutanuka ukawa utepe. Akapiga picha nyingi. Halafu tukainama juu ya kompyuta yake, tumejifunika shuka ili mwanga usituharibie macho.

Tepe tatu zilikuwa zimelala sambamba, za nyota tatu za kichwa. Ya juu ilikuwa buluu hadi nyekundu bila doa la ajabu. Ya chini vivyo hivyo. Ya katikati, mwishoni mwa wekundu, ilikuwa na nukta iliyong'aa, nyembamba, kama ushanga mmoja umetiwa penye utepe.

“Hiyo ndiyo pete,” akasema rafiki yangu.

Mpwa wangu akasogea. “Naiona nukta. Pete yenyewe iko wapi?”

“Kwa kamera hii haionekani. Nyota yenyewe ni nukta tu. Mwanga huu ulitoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita, Wareno wangali pwani yetu.”

“Sasa mmejuaje kwamba ipo?”

“Kwa mstari wake. Haidrojeni ikiwa mvuke hutoa mstari huu hapa.”

“Kama ile ya zebaki katika boksi la mjomba?”

“Kama ile.”

Hakusema neno tena. Tulikaa hata saa sita, tukazungumza juu ya dhahabu, maana huko hakuna mazungumzo yasiyofika kwenye dhahabu. Rafiki yangu akatueleza kwamba tarehe 17 Agosti 2017 wataalamu waliona nyota mbili zilizokufa, nzito mno, zikigongana mbali sana, na katika mwanga wa mgongano huo wakasoma dalili za vitu vizito vikizaliwa. Wengi wao waamini kwamba dhahabu nyingi iliyopo ilitengenezwa kwa migongano kama hiyo, kabla jua letu halijakuwako. Mpwa wangu akacheka, akasema basi ndiyo maana huipati mpaka na wewe ugongane na jiwe.

Asubuhi nilipoamka nilisikia akimwuliza rafiki yangu habari za chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kile kinachokamata mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa maji ili itumike tena. Je, fundi wa kuchomelea wa Katoro aweza kukitengeneza? Akaambiwa aweza, ila afunge mfuniko barabara na achomee mbali na nyumba hata hivyo. Wakaanza kubishana juu ya bei. Mkewe alikuwa amehamishia sufuria ya uji kwenye mafiga ya nje, chini ya mwembe.

Kama wewe wataka kuifuata nyota ya Nge, huhitaji kamera. Fanya kama Otero. Usiku usio na mwezi, linganisha ile ya katikati na wenziwe wawili walio juu na chini yake, na uandike katika daftari tarehe, saa, na ipi imezidi. Mwaka 2024 ya katikati iliwazidi wote wawili bila shaka yoyote. Ikipungua hata ikafanana nao, maana yake pete yaisha. Pacha atapita tena karibu mwaka 2033. Ikiwa ni miezi ya kwanza ya mwaka, mtafute Nge alfajiri, kabla jogoo hawajanyamaza, upande wa kusini.